Bahari ya Ghorofa ya Tatu

Nilimwekea baba bahari sebuleni ili nipate kumwacha. Ndugu zangu hawajawahi kulijua hilo, na wakilisoma hapa simu itaita, lakini liwe liwalo. Kanisani walinisifu. Walisema binti wa siku hizi anayeweza kuhangaika hivyo ili babake apate kitu cha kutazama ni nadra. Nikainamisha kichwa nikasema asanteni. Moyoni nilijua nilichokuwa nikifanya. Mzee akipata viumbe vya kulisha na kulinda, viumbe vinavyomngoja kila asubuhi, hatanihitaji mimi, nami nitatoka mlangoni na begi langu bila kuonekana mtu mbaya.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Satellite, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Baba alikuwa karani bandarini Mombasa kwa miaka thelathini. Alipostaafu, mama alikuwa ameshafariki, na hakutaka kurudi kukaa peke yake kwenye boma letu kule magharibi, basi akaja Nairobi kwa kuwa watoto wote tulikuwa huku. Mwaka wake wa pili akateleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitalini walimtia chuma, wakampa fremu ya kutembelea, wakasema ataendelea vizuri. Aliendelea vizuri mpaka mlangoni. Nje ya mlango kulikuwa na ngazi arobaini na nane, na siku aliyojaribu kuzishuka alifika ya sita, akaukumbatia ukuta, akatetemeka mpaka majirani wawili wakambeba kumrudisha ndani. Hakujaribu tena.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Tuko watano, mimi ndiye kitinda mimba. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, sina mume, sina mtoto, nina kazi ya mpokezi kwa daktari wa meno Upper Hill. Kaka yetu mkubwa alifungua kwa maombi. Kisha akanigeukia, chai mkononi.

"Si wewe uko tu?" akasema. "Sisi wengine tuko na watoto wa shule. Wewe uko tu."

Nilingoja mtu mwingine aseme neno. Dada yangu alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba wake na hakukipata mpaka kikao kikaisha. Walifunga kwa maombi, wakala mandazi niliyokaanga mimi, wakaondoka kabla jua halijazama. Neno hilo la kaka lilinikaa kooni miaka mingi. Mtu aliye tu. Kama stuli.

Nikahamia kwa baba. Nilikuwa naamka, namwogesha, nampikia uji, namwachia chai kwenye chupa, kisha naenda kazini, na mama jirani anamchungulia saa sita. Baba hakuwa mtu wa kelele. Mimi nina jina la mamake, basi tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniita mama. "Mama, umerudi?" angeuliza nikifungua mlango, na kwa sauti hiyo nilijua kwamba tangu asubuhi hakuwa ameongea na mtu. Nilimhurumia, na kumhurumia kwenyewe kulinichosha.

Sasa, yule daktari wa meno alikuwa na tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiria. Halikuwa tangi la samaki wa maji baridi wa kuuzwa kwenye mifuko barabarani. Lilikuwa la maji ya chumvi, maji ya bahari kabisa, na ndani yake mawe yenye matundu yaliyotoka pwani, na juu ya mawe matumbawe laini yaliyokuwa yakijifungua taa ikiwashwa na kujikunja ikizimwa. Wagonjwa walikuwa wakilikodolea macho mpaka wakasahau sindano. Fundi aliyekuwa akilihudumia alipoacha kuja, kazi ikaniangukia. Nilijifunza kwa kukosea na kwa kusoma kwenye saiba, mtandao wa kulipia, dakika thelathini thelathini, nikinakili kwenye daftari. Nilijifunza kupima chumvi kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, na kwamba maji yakipungua ni maji matupu yanayokauka ilhali chumvi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na kitu ndani yake, si ya chumvi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu nilichokijua kuliko daktari.

Halafu daktari akaamua kufunga kliniki na kwenda kufungua nyingine Eldoret, karibu na wazee wake. Siku ya mwisho aliniita ofisini. Alisema samaki ameshawagawa na tangi haliwezi kuhimili safari ya Eldoret, nikilitaka ni langu. Kisha akasema, "Nikisimama vizuri huko nitakuandikia. Nataka mtu wa kunisimamia ofisi, na mtu mwenyewe ni wewe."

Nilishuka ngazi za jengo lile nikiwa sina kazi, na nikicheka peke yangu. Hapo ndipo lilipoanza lile wazo la kumpa baba bahari.

Kusimamisha tangi la maji ya chumvi ghorofa ya tatu si mchezo. Fundi wa chuma wa kando ya barabara alinichomelea meza ya kulibeba, akaipaka rangi mara tatu nilipomwambia habari ya chumvi, na bado ilianza kupata kutu kabla ya mwezi wa pili. Wanaume wanne walipandisha kioo kitupu wakitukana kila kona ya ngazi. Sakafu ya sebule ilikuwa imeinama kidogo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuligundua mpaka tulipotia maji na kuona upande mmoja umejaa kuliko mwingine. Tukayatoa yote, tukachomeka vipande vya mbao chini ya miguu ya meza, tukaanza upya. Mawe na matumbawe yalikuwa yamekaa kwenye mabeseni sebule nzima, yamefunikwa kwa magazeti yaliyoloa, na nyumba ikanuka soko la samaki siku tatu.

Maji mengine ya bahari niliagiza Mombasa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiyateka mbali na ufuo, bahari ikiwa imejaa, akayatuma kwa basi kwenye mitungi ya plastiki ya lita ishirini. Nilikuwa nayachukua mjini, kwenye ofisi za mabasi. Karani wa vifurushi aliniangalia kwa heshima kubwa.

"Ni ya maombi, madam?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kuna pastor pia huchukua hapa."

Nilimwambia ni ya samaki. Hakuniamini, na mara iliyofuata aliniomba nimkumbuke kwenye sala.

Baada ya hapo ilibidi kungoja. Tangi lililohamishwa huwa linaugua, maji yanachafuka kwa vitu usivyoviona, na ukiwatia samaki mapema wanakufa. Tulingoja wiki sita. Baba alikaa kwenye kiti chake akitazama mawe. Asubuhi moja aliniita nimwangalie mdudu mweupe aliyetoka kwenye tundu, mdogo kama uzi, na sote wawili tukainamisha vichwa pale kwenye kioo. Nakumbuka nilifikiri: inafanya kazi. Atazoea.

Samaki wa kwanza alikuwa wa rangi ya chungwa, mwenye mistari mitatu myeupe, mkubwa kama kidole gumba. Baba akapewa kazi ya kumlisha saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Chakula kilikuwa kwenye kikopo juu ya meza ya kuwekea vyombo, mahali anapofika kwa fremu yake. Nilimfundisha kipimo, kwa ncha za vidole viwili. Alijifunza haraka, karani yule, na akaanza kuandika kwenye daftari saa aliyolisha na jinsi samaki alivyokula.

Kilichonishinda ni kwamba kazi nyingine zote hakuziweza. Hakuweza kuinama kusafisha pampu, wala kunyanyua mtungi. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua, na ilibidi niongeze chupa moja na nusu ya maji yasiyo na kitu. Maji ya bomba yetu yalikuwa na kila kitu. Basi, kwa pensheni ya baba tuliyokuwa tukiishi nayo tangu kliniki ifungwe, nikawa nanunua maji ya betri, yale ya kutia kwenye betri za magari, pale kituo cha petroli. Kijana wa pampu alinizoea.

"Hii gari yako inakunywa maji sana," akaniambia siku moja. "Uza, madam. Hiyo ni hasara."

Nilimwambia kwamba hata kuuza siwezi, haishuki ngazi.

Na stima. Wakati ule stima ilikuwa ikipotea bila salamu, mara dakika tano, mara nusu siku. Pampu ikinyamaza, maji hayazunguki, na viumbe wanaanza kukosa hewa. Dawa ilikuwa kusimama na jagi, kuchota na kumimina kutoka juu, kuchota na kumimina, mpaka irudi. Jumamosi moja rafiki yangu wa shule alikuwa anaolewa. Nilikuwa nimevaa, nimejipaka, nimeshamwachia baba chakula, niko ngazi ya kumi na mbili au ya kumi na tatu, nikasikia sauti yake kupitia mlango.

"Mama. Pampu imenyamaza."

Nilisimama pale ngazini. Chini nilikuwa nasikia honi za magari ya harusi nyingine, watu wakiimba. Nikavua viatu nikapanda. Nilimimina maji nikiwa na gauni langu la kuendea harusi mpaka saa kumi na moja, na ndipo stima ikarudi, na baba akasema, "Umewaokoa." Nilijifungia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie, na bomba lenyewe halikuwa na maji.

Nilikuwa nimejichimbia shimo la pili ndani ya la kwanza. Baba peke yake ningeweza kumwachia mama jirani kwa siku mbili. Baba na bahari, hapana. Hakuna mtu mwingine Satellite nzima aliyejua kusoma kile kipimo cha chumvi.

Barua ya daktari ilikuja mwezi wa saba tangu aondoke. Kaka ndiye aliyekuwa na sanduku la posta, akaniletea bila kuuliza. Kliniki imefunguliwa, nafasi ya kusimamia ofisi ipo, kuna chumba cha kukaa nyuma, nijibu kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Niliisoma jikoni mara nne. Kisha nikaificha mahali nilipojua baba hawezi kufika: chini kabisa ya ile meza ya chuma, nyuma ya ndoo ya mchanga, ndani ya boksi la dawa za kupimia maji.

Majuma yaliyofuata baba alichangamka. Alianza kuomba vitu.

"Huyu anaonekana mpweke, mama," akasema. "Tumtafutie mwenzake."

Nikamtafutia. Wiki mbili baadaye akasema amesoma kwenye daftari langu kwamba kuna kamba wadogo wanaosafisha samaki, si tungepata mmoja? Tukapata mmoja, mwenye miguu mirefu na masharubu meupe. Kisha akataka tumbawe jingine kwa ule upande usio na kitu. Kila kitu kilichoingia kiliongeza kazi, na kila jioni alisifu. Nilishangaa. Niliona mzee amerudiwa na ujana wake, ameikumbuka bahari yake ya Mombasa, na mimi nimekaa na barua ya kumwibia furaha hiyo. Dhamiri ilinisuta sana hadi nikawa namkaangia mayai mawili badala ya moja.

Siku zikaisha. Ijumaa ya mwisho kabla ya tarehe ile nilikwenda Kenyatta Market kusukwa. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa likizo. Wanawake watatu wanakuvamia kichwa kwa pamoja, mmoja nyuma, wawili pembeni, na kwa saa tatu hakuna mtu anayeweza kukuita. Aliyekuwa nyuma akaniuliza mbona nataka nywele za kukaa muda mrefu hivyo.

"Unasafiri?"

"Ndio," nikasema. "Nimepata kazi Eldoret. Naenda Jumanne."

Ilikuwa mara ya kwanza nayasema maneno hayo kwa sauti. Wote watatu wakanipongeza. Wa kushoto akasema Eldoret ni baridi, nibebe sweta. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, ngozi imevutwa mpaka macho, na moyo unaruka. Niliamua nitamwambia baba Jumapili, kaka atampata mtu wa kumsaidia, na tangi nitamfundisha mtu yeyote atakayekubali. Kama hakuna, basi.

Ijumaa ilikuwa siku yetu ya maji. Maji yalikuwa yakija mara mbili kwa wiki, na yakija unajaza kila kitu chenye mdomo. Mitungi ilikaa imepangwa kwenye ukumbi, saba ya maji ya nyumbani na miwili ya bahari iliyokuwa imefika Jumatano kwa ajili ya kubadilisha maji ya tangi. Hiyo miwili huwa naifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi. Wiki ile vitambaa nilikuwa nimevifua, vilikuwa kwenye kamba ya nguo. Maradhi ya tumbo yalikuwa yamesambaa mitaani, kila nyumba ilikuwa ikitia dawa ya maji ya kuua vijidudu, nami nilikuwa natia kipimo mara mbili kwa sababu ya tumbo la baba. Ni kazi ambayo mkono unajifanyia. Fungua kifuniko, mimina dawa, funga, sogea. Nilikuwa nikiimba. Nilikuwa Eldoret, nimekaa kwenye meza yangu, nikipokea simu. Nilipita mstari wote kutoka mwanzo hadi mwisho, mitungi tisa.

Jumamosi asubuhi nilichota maji ya zamani kutoka kwenye tangi, nikayatia kwenye ndoo mbili, nikaziweka chooni. Kwetu maji hayamwagwi, hata ya chumvi yanafaa kusafishia choo. Nikamimina mitungi miwili ya bahari. Baba alikuwa kwenye kiti chake na daftari.

Wa kwanza alikuwa kamba. Aliruka nyuma, akajigonga kwenye kioo, akaanguka chali. Nikafikiri anajivua gamba, hufanya hivyo. Kisha matumbawe yote yakajikunja kwa pamoja, taa ikiwa inawaka. Yakaanza kutoa utelezi mweupe, mwingi, ukipeperuka kwenye maji. Samaki wakapanda juu wakawa wanahema midomo wazi. Niliinama kunusa, na harufu ile niliijua. Ni harufu ya kila glasi ya maji niliyokunywa katika nyumba ile.

Nilielewa papo hapo. Sikupiga kelele. Nilikimbia chooni nikaleta ndoo za maji ya zamani, nikachota samaki kwa chujio la chai. Mmoja alikuwa ameshalala ubavu. Yule wa kwanza, wa mistari mitatu, alipigana na chujio mpaka nikamtumbukiza. Nilipoburuta ndoo ya pili kuokoa matumbawe, kila nililolishika lilikatika mkononi. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Nilizima pampu mwenyewe, nikakaa sakafuni, nywele zangu mpya zimeloa chumvi, nikalia kwa sauti mbele ya baba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mazishi ya mama.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nimetia dawa ya maji. Nimeua bahari yako yote. Nisamehe, baba."

Alifunga daftari.

"Si yangu," akasema.

Nikamwangalia.

"Bahari niliichoka, mama. Miaka thelathini dirisha la ofisi linaangalia maji, na mimi nahesabu siku za kurudi kwa mamako. Samaki sikuwataka mimi. Nilidhani ni wako, umekosa mtoto, umepata cha kulea. Nikawa nakusaidia kulisha."

"Mbona basi ulikuwa unaomba wengine? Mwenzake, sijui kamba, sijui tumbawe?"

Hapo akageuza uso upande wa dirisha. Baba yangu alikuwa mtu mwongo kidogo kwa mambo madogo, kama kusema ameshiba, lakini kwa makubwa hakujua kudanganya.

"Barua niliiona," akasema. "Kikopo cha chakula kilianguka, kikabingiria mpaka chini ya meza ya tangi. Nilijishusha nikafika sakafuni. Kuinuka kulinichukua mpaka adhuhuri, lakini hapo chini nilikuwa na muda wa kusoma. Nikaona samaki wakiwa wengi, hutaenda. Ukimimina maji na ile jagi nilikuwa nakuona. Nilijua wanakufunga. Ndiyo maana niliwasifu."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu hivyo. Ilikuwa chuki safi, haina huruma ndani yake, na ilinipa nguvu za ajabu. Nikakumbuka gauni la harusi. Nikakumbuka mayai mawili. Yeye alinifunga kwa samaki ambao mimi niliwaleta ili nimfunge yeye kwao, na wote wawili tulikuwa tumekaa pale miezi tukisifu rangi. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na nadhani aliyaona yakija, kwa sababu alinitangulia.

"Sasa wamekufa," akasema. "Huna sababu tena. Nenda, mama. Kaka yako nitaongea naye mimi. Nitamwambia nimekutuma."

Alikuwa akitetemeka kama siku ile ya ngazi. Lakini alilisema, na alilirudia, na uso aliugeuza akaniangalia ili nijue ni kweli. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa na nywele, nilikuwa na barua, nilikuwa na ruhusa ya baba yangu, na hata hasira nilikuwa nayo. Sijawahi tena kuwa na vitu hivyo vyote kwa pamoja.

Nikainuka kwenda kutazama ile ndoo ya samaki. Nilikwenda nikiwa na uhakika nitamkuta yule samaki wa kwanza amekufa. Nilikuwa nimeshawaza nitakavyommwaga. Alikuwa pale chini, kando, mapezi yakienda kasi, amekwaruzwa na chujio lakini wima. Akapanda juu kuniangalia, kama alivyozoea mtu akimwinamia.

Na moyo wangu ukafurahi. Nataka niliandike kama lilivyokuwa, kwa sababu nimelificha muda mrefu. Sikufurahi kwa ajili ya samaki. Nilifurahi kwa sababu amepona mmoja, na mmoja anatosha. Nilikuwa naogopa Eldoret kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilikuwa naogopa chumba cha nyuma ya kliniki, na meza yangu mwenyewe, na jioni ambayo hakuna anayeniuliza kama nimerudi. Nilichukua pochi nikamwambia baba natoka kidogo. Akauliza naenda wapi.

"Petroli," nikasema. "Kununua maji ya betri."

Nilishuka zile ngazi zote na hakuna aliyeniita.

Jumatatu nilimpigia daktari simu nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Alisema anaelewa, kwamba wazazi ni baraka. Mimi na baba hatukulizungumza jambo lile tena. Tulisafisha tangi, tukaagiza maji, nikafunga vitambaa vyekundu viwili kwa kila mtungi, tukamrudisha yule mmoja kwenye mawe yake matupu. Baba aliendelea kumlisha saa nne na saa kumi. Hakumsifu tena, na wala hakuomba aletewe mwenzake. Jioni tulikaa, yeye kwenye kiti na mimi kwenye stuli, tukimwangalia akienda mpaka kwenye kioo, akigeuka, akirudi.

Baba alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo, kwa kifua, kitandani kwake. Wanaume sita walimshusha zile ngazi. Tulimzika nyumbani, kando ya mama. Jioni ya mazishi kaka mkubwa alinivuta pembeni ya hema, akanishika bega. Alikuwa amelia na sauti imemkauka.

"Umefanya kazi, dada," akasema. "Sasa uko huru. Hata ile kazi ya Eldoret aliyonisimulia mzee, si unaweza kuuliza kama bado iko? Ama ukae huku na sisi wiki mbili, upumzike."

Wakati anaongea nilikuwa nikihesabu kwenye vidole. Siku nne tangu nitoke Nairobi. Maji yalikuwa yameshashuka vidole vitatu, chumvi imepanda, na mama jirani nilikuwa nimemwachia ufunguo lakini kipimo hakujua kukisoma. Nilimwambia kaka asante, lakini lazima nipande basi la usiku huo huo.

"Kuna nini huko?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna samaki.